Majini, mazimwi na wasomaji wa Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayesoma riwaya za kutisha na za kifantasia hapa Dodoma huhojiwa kuliko anayesoma vitabu vya ujasiriamali. Panda daladala ya Chuo Kikuu ukiwa na kitabu chenye fuvu kwenye jalada, uone jirani yako atakavyokutazama. Maneno yanayofuata huwa ni yaleyale.

"Anayesoma habari za majini anayaita."

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na husemwa kwa nia njema, mara nyingi na shangazi. Lakini riwaya haikuombi uamini kitu. Mganga ndiye anayetaka uamini, tena uje na kuku mweusi. Mwandishi anataka ufungue ukurasa unaofuata, basi. Bibi zetu walisimulia ngano za zimwi lililomeza kijiji kizima, watoto wakalala, asubuhi wakaenda kuchunga mbuzi. Shaaban Robert, ambaye sijasikia mtu akimshuku ushirikina, ameweka majini katika Adili na Nduguze, pamoja na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Hafundishi uganga mle. Anaonyesha husuda inavyomla mwenye nayo.

Kwa hiyo nikihakiki kitabu cha jini, swali la kama majini yapo nawaachia mashehe na wachungaji. Langu ni moja: huyu jini ana kazi gani humu? Ukimtoa na hadithi ikabaki vilevile, tumeuziwa jalada.

Tena jina la kitabu lisikubabaishe. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa anafumbua mauaji kwa akili yake, na aliyekinunua akitarajia mzuka atangoja sana.

"Fantasia ni mambo ya Wazungu."

Shika barabara ya Arusha, pita Kondoa mjini, utafika Kolo. Kwenye majabali ya huko kuna michoro ya kale ya wanyama na ya watu waliorefushwa miili kupita umbo la binadamu. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hawakuwa wakiiga filamu ya mtu. Kusadikika cha Shaaban Robert, kisa cha nchi inayoelea angani, kilichapishwa mwaka 1951, ilhali The Lord of the Rings, riwaya ya fantasia ya Mwingereza J.R.R. Tolkien, ilianza kutoka mwaka 1954. Kule Nigeria, D.O. Fagunwa alikuwa ameshamtuma mwindaji wake kwenye msitu wa mizimu mwaka 1938, kwa Kiyoruba. Na huyo Tolkien mwenyewe alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, ingawa tusimdai sana kwa sababu aliondoka akiwa mtoto mdogo.

Chembe ya ukweli ipo, nayo iko upande wa waandishi wetu wachanga. Kijana wa Bahi ambaye hajawahi kuona theluji anaiandika sura nzima, na farasi juu yake, halafu mbuyu ulio nyuma ya nyumba yao haupati hata sentensi. Mhakiki akilisema hilo, hajakosea.

"Bila damu haitishi."

Damu inachefua, na kuchefuka si kuogopa. Chukua mfano huu wa kubuni. Mama wa Nkuhungu anaosha vyombo baada ya chakula cha usiku. Nyumbani wako wanne, na wanne ndio waliokula. Kwenye beseni kuna sahani tano, na zote tano zina mabaki ya ugali na mlenda. Hajakatwa mtu kichwa, hakuna aliyepiga kelele, ila umeshaanza kuwahesabu watu wa nyumba ile pamoja naye.

Sasa angalia mwandishi mwenye haraka anavyoharibu. Sentensi inayofuata anaandika: "Alishikwa na hofu kuu, kwani jini lilikuwa limekula nao." Kwisha kazi. Ametuambia tuogope, ametupa na sababu, hatuna tena cha kutafuta. Angemwacha mama aikaushe ile sahani ya tano na kuipanga kabatini pamoja na nyingine, ningesoma mpaka alfajiri. Mapitio mengi ninayokutana nayo yanasema tu "kinatisha sana" au "hakitishi", bila kuonyesha ni sentensi gani iliyofanya kazi na ipi iliyoilegeza.

"Fantasia haina kanuni, unaandika lolote."

Ina kanuni kali, tofauti ni kwamba mwandishi anajiwekea mwenyewe. Ukisema sura ya tatu kwamba zimwi haliwezi kuvuka chumvi, sura ya ishirini lisivuke kwa sababu tu shujaa amebanwa. Na uchawi usio na gharama unachosha: kama pete inatatua kila kitu, kwa nini nimhofie aliyeivaa?

"Vinaharibu watoto."

Inategemea mtoto na kitabu. Mwenye miaka saba asipewe cha mtu mzima. Na mtu mzima anayekosa usingizi kila akisoma aachane navyo, si lazima.

"Kuhakiki ni kusimulia kitabu chote, halafu kusifia."

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Ukinieleza nani alikuwa msukule na nani alimzika, umeninyang'anya pesa yangu. Kitabu cha kutisha kinaishi kwa kutojua. Eleza kinapoanzia, hali yake ya hewa, lugha yake, na kinamfaa msomaji wa aina gani, kisha nyamaza. Kuhusu kusifia, wapo wanaosema kumkosoa mwandishi wa Kiswahili ni kuua fasihi yetu. Mimi naona anayeiua ni yule anayesifia kitabu kilichojaa makosa ya uhariri, msomaji akanunua, akajuta, na hatanunua kingine.

Simulizi zinazotolewa vipande vipande kwenye WhatsApp sizihakiki mpaka zifike mwisho. Nyingi hazifiki: jini linagonga mlango, mlango unafunguka, na chini yake kuna namba ya kutuma pesa ya sehemu ya pili.