Draupadi hakusema "mtoto wa kipofu"

Kila Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, inapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba vita vya Kurukshetra vililetwa na ulimi wa Draupadi, mke wa ndugu watano Wapandava: alimcheka Duryodhana, binamu na hasimu wa waume zake, ambaye baba yake ni kipofu, na kumwambia "mtoto wa kipofu ni kipofu". Nimechoka nayo. Tamthilia ya televisheni ya India ya mwaka 1988 iliyasambaza maneno hayo nyumba kwa nyumba, lakini katika toleo la kitaaluma la mji wa Pune, lililolinganisha miswada ya kale kati ya 1919 na 1966, hayamo.

Fungua Sabhaparvan, kitabu cha pili, sura ya 43. Ukumbi wa Indraprastha, mji mkuu wa Wapandava, aliujenga fundi Maya kwa miezi 14. Duryodhana anaona sakafu ya fuwele, anadhani maji, anapandisha nguo. Mbele anakuta bwawa lenye mayungiyungi, anadhani sakafu, anatumbukia na nguo zake. Watumishi wanacheka, kisha wanamletea nguo nyingine kwa amri ya mfalme Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava. Wadogo zake, Bhima, Arjuna na wale pacha, nao wanacheka. Halafu, na hapa ndipo ninapomhurumia, anafika pakavu kabisa na kupandisha nguo tena, maana macho yake hayaamini tena. Wanamcheka upya. Mlangoni anajigonga paji la uso. Draupadi hatajwi popote.

Sasa wanaomtetea nao wana lao wanaloficha. Sura chache mbele, Duryodhana anamsimulia baba yake, na humo anasema Krishna, rafiki wa Wapandava, na Arjuna walimcheka, na Draupadi pia pamoja na wanawake wenzake. Msimulizi hakumwona, mlalamikaji anamtaja. Je, Duryodhana aliongeza chumvi? Anamwomba mzee mwenye kusitasita aruhusu mchezo wa dadu wa kumnyang'anya Yudhishthira mali yake, kwa hiyo anahitaji kidonda kikubwa cha kuonyesha. Mimi naelekea huko, ila siwezi kuapa: huenda alicheka kweli. Hata hivyo, huyo mwenye uchungu mwenyewe analalamikia kicheko tu. Tusi la upofu halitaji, na angekuwa nalo asingeliacha mbele ya baba aliye kipofu.

Tena katika maelezo hayohayo anataja jambo ambalo watu hulipita haraka. Katika Rajasuya, sherehe ya kumtawaza Yudhishthira mfalme mkuu, Yudhishthira alimpa Duryodhana kazi ya kupokea zawadi za wafalme. Mikono yake ilishindwa kuzipokea zote, akachoka, na watu wakabaki wamesimama na mali zao wakimngoja. Wivu umelala hapo, kwenye mikono iliyochoka kubeba utajiri wa binamu.

Ukimpa Draupadi lile tusi, unamnyang'anya maneno aliyoyasema kweli. Katika mchezo huo wa dadu Yudhishthira alishindwa kila kitu, hata nafsi yake na Draupadi. Alipoitwa barazani, kabla ya kuburutwa, Draupadi alimtuma mjumbe aulize: Yudhishthira alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Kama alikwisha kuwa mtumwa, alikuwa na haki gani ya kuniweka dau? Bhishma, mzee wa ukoo, alijibu kwamba dharma, yaani njia ya haki na wajibu, ni nyembamba mno, akashindwa kuamua. Aliyesimama kusema kwamba Draupadi hakupotezwa mchezoni ni Vikarna, mdogo wake Duryodhana.