Je, Wajua Kwa Nini Kazi Mbili kwa Mpigo Huchelewa Kuliko Moja Baada ya Nyingine?

Chukua karatasi, kalamu na saa ya kuhesabu sekunde. Andika KIGOMA UJIJI, herufi zote 11, kisha chini yake andika namba 1 hadi 11. Tazama umetumia muda gani. Sasa rudia kwa kuchanganya: K na chini yake 1, I na chini yake 2, G na chini yake 3, hivyo hivyo mpaka mwisho. Herufi ni zile zile na namba ni zile zile, lakini mara ya pili karibu kila mtu huchelewa, na wengi hukwama kwenye zile J na I za Ujiji.

Ubongo haufanyi kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Huruka kutoka hii kwenda ile. Kila ukiruka, lazima uziweke kando kanuni za kazi uliyoiacha, uzirudishe za kazi unayoiendea, na ukumbuke ulikuwa umefika wapi. Mwaka 1927 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, aliwapa watu orodha za namba. Waliotakiwa kujumlisha na kutoa kwa zamu walichelewa kuliko walipofanya aina moja ya hesabu mpaka mwisho wa orodha. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha kwamba hata mtu akipewa nafasi ya kujiandaa kabla ya kubadili kazi, kuchelewa hupungua lakini hakuishi.

Mruko mmoja hula sehemu ndogo tu ya sekunde. Hasara kubwa zaidi ni makosa. Mfikirie wakala wa fedha za simu karibu na Soko la Mwanga mjini Kigoma, saa ambayo wafanyabiashara wa dagaa wamebanana dirishani. Anahesabu noti, huku mteja wa pili anamtajia namba ya simu. Noti ni hesabu, simu nayo ni tarakimu 10, na zote zinagombania kumbukumbu ile ile ya muda mfupi, ambayo ni finyu sana. Hapo ndipo 7 inageuka 1 na pesa inaenda kwa mtu mwingine.

Dawa yake ni utaratibu. Hesabu noti za 10,000 kwa mafungu ya kumi kumi, kila fungu la 100,000 lifunge kwa mpira kabla ya kushika lingine. Ukikatizwa katikati, hesabu upya fungu hilo moja, si burungutu zima. Fedha ikiisha kuhesabiwa, andika kiasi daftarini, ndipo ushike simu. Mteja akitaja namba, mrudishie kwa sauti, kisha linganisha jina linalotokea. Anayesubiri aambiwe tu, “Subiri kidogo, nakuja kwako.” Hakuna ukorofi hapo, ni pesa yake pia inayolindwa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi mpya kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma, na ile mpya huifanya vibaya zaidi. Utafiti wake na Theresa Glomb wa mwaka 2018 uligundua kinachosaidia: kabla ya kuondoka, andika kwa ufupi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi. Mfano, “Mauzo ya Jumanne yamejumlishwa, bado madeni.” Sentensi hiyo moja huchukua nusu dakika.

Si kila kazi inahitaji kutengwa. Kuchambua dagaa huku mnapiga soga hakuna shida, kwa sababu mikono imeshazoea na haiombi mawazo. Lakini mazungumzo yakifika kwenye bei ya gunia na nauli ya mzigo, sitisha uchambuzi mpaka mkubaliane, kwani kuanzia hapo ni kazi mbili za kufikiri, na mchanga utapita pamoja na dagaa.