Anayesomeshwa Nyumbani na Anayesoma Shule ya Umma: Kabla ya Kulinganisha Alama

Mzazi anayefikiria kumsomesha mtoto wake nyumbani hachukui muda mrefu kabla ya kuambiwa kwamba huko Marekani watoto wa aina hiyo huwaacha mbali wenzao wa shule za umma. Dai hilo lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1999 mtaalamu wa upimaji Lawrence Rudner alichapisha uchambuzi wa matokeo ya wanafunzi 20,760 waliosomeshwa nyumbani, na ikaonekana kwamba mwanafunzi wa katikati katika kundi hilo aliwazidi watoto kati ya 70 na 80 katika kila 100 wa taifa zima. Takwimu zenyewe hazina kasoro ya hesabu. Kinachotiliwa shaka ni matumizi yake.

Waliopimwa walikuwa watoto wa familia zilizojilipia mtihani kutoka chuo kikuu kimoja cha kidini na kukubali kwa hiari yao kushiriki. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa Wazungu wanaolelewa na wazazi waliooana, na wazazi wengi walikuwa wamesoma kupita sekondari. Familia ambayo masomo yameikwamia nyumbani haikuwa na sababu ya kujitokeza, ilhali shule ya umma humpokea na kumpima kila anayefika mlangoni. Rudner mwenyewe alionya kwamba kazi yake haithibitishi ubora wa nyumba juu ya shule, ila onyo hilo husambaa kwa shida kuliko tarakimu.

Kosa hilohilo hufanyika Tanzania kwa kugeuzwa upande. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 walifaulu karibu watahiniwa 9 kati ya 10 wa shule, wakati kwa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani bila kuwa wanafunzi wa shule, waliofaulu walikuwa takribani nusu. Yupo atakayesema hiyo ni hukumu dhidi ya kujisomea nyumbani. Lakini wengi wa watahiniwa wa kujitegemea ni watu wanaorudia mtihani, na wengine wana kazi na familia za kutunza, kwa hiyo pengo hilo hutueleza zaidi walikotoka kuliko mahali walipokaa kusoma.

Tukiacha majedwali, viwango vya anayesoma nyumbani hutegemea pia nani anamkagua, na katika hilo Marekani ni kama nchi hamsini tofauti, kwa kuwa kila jimbo lina sheria zake. Katika jimbo la New York mzazi hupeleka mpango wa masomo wa mwaka, kisha kila robo mwaka huandika ripoti yenye idadi ya saa zilizofundishwa, mada zilizoguswa na maendeleo ya mtoto katika kila somo. Mtoto anapofanya mtihani unaomlinganisha na wenzake wa taifa zima hutakiwa kuwapita angalau watoto 33 katika kila 100, au kuonyesha kwamba amesonga mbele kwa mwaka mzima wa masomo tangu mtihani uliotangulia. Akikosa yote mawili, masomo yake ya nyumbani huwekwa chini ya uangalizi. Ni vyema kukumbuka kuwa katika shule yoyote ya umma wapo watoto walio chini ya mstari huo, na hakuna anayeitilia shule yao mashaka kwa sababu hiyo. Pennsylvania hudai daftari la vitabu vilivyosomwa pamoja na sampuli za maandishi na mazoezi ya mtoto, ambavyo hupitiwa na mwalimu mwenye sifa anayezungumza na mtoto mwenyewe, na mitihani hufanyika darasa la 3, la 5 na la 8. Texas haidai ripoti wala mtihani. Kwa hiyo hata usemi "watoto wa Marekani wanaosoma nyumbani" haumtaji mtoto wa aina moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Kanada ulikuwa mdogo, watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule za umma, lakini ulifanya jambo ambalo tafiti kubwa huliruka: uliwatenganisha waliofundishwa kwa ratiba na vitabu vilivyopangwa na wale walioachwa wajifunze kwa matakwa yao. Kundi la kwanza liliwazidi watoto wa shule. La pili lilikuwa nyuma ya wote. Idadi hiyo haitoshi kutolea kanuni, ila kwa maoni yangu inatuelekeza kwenye swali lenye faida kuliko lile la nyumba au shule, yaani mtoto anafundishwa nini, kwa mpangilio gani, na nani hugundua mapema asipoelewa.

Mzazi wa Tanzania azingatie pia kwamba sheria inamtaka mtoto wa miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Kwa ngazi ya sekondari mlango upo: asiyesoma sekondari kwa njia ya kawaida huanza na Mtihani wa Maarifa, unaofahamika zaidi kama QT, na akifaulu ndipo huruhusiwa kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Muhtasari wa kila somo na fomati ya mtihani hupatikana, na ni heri avipate kabla ya kununua kitabu cha kwanza.