Kitanda kimoja, vipele kwa mmoja

Mama mmoja aliketi mbele yangu, akapandisha mkono wa gauni bila kusema neno. Vipele vinne vilikuwa vimejipanga mstari juu ya kiwiko, na vingine shingoni. Muwasho ulimsumbua, lakini kilichomfikisha kliniki ni maneno ya nyumbani. Mumewe analala kitanda hichohicho na hana hata kipele kimoja, kwa hiyo akaanza kuuliza, "Umeyatoa wapi hayo?"

Vilikuwa vipele vya kunguni, na kunguni hawakumbagua mume. Wanawanyonya wote wawili; tofauti iko kwenye namna kila mwili unavyoyapokea mate yao. Kunguni akichoma, mate yake hutia ngozi ganzi na kuzuia damu isigande, ndiyo maana anaweza kunyonya dakika 5 hadi 10 na mtu akaendelea kukoroma. Kipele kinakuja baadaye, kinga ya mwili inapoyashtukia mate hayo. Kuna watu ambao kinga yao haishtuki kabisa. Wengine, hasa wanaoumwa kwa mara ya kwanza, hukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, ndipo vipele vijitokeze. Wakiumwa tena na tena, muda huo hupungua. Basi mtu aliyelala gesti Jumatatu anaweza kuanza kujikuna wiki inayofuata akiwa kwake, akakisingizia kitanda chake.

Kwa hiyo sitoi jibu kwa kutazama kipele tu. Mbu na viroboto nao huacha alama za kufanana na hizo. Ninachoogopa zaidi kukosa kukitambua ni ugonjwa wa upele (skabi), maana nao huwasha usiku na dawa yake lazima itumiwe na familia nzima. Upele hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Kunguni hufuata ngozi iliyo wazi: uso, shingo, mikono, miguu. Nilimtuma mama yule akainue godoro, amulike kwa tochi mishono yake na viungio vya chaga. Kesho yake akanitumia picha: vidoa vyeusi kama wino wa kalamu, na mdudu bapa wa kahawia, wa milimita 5 hivi.

Swali lililofuata huwa halikosi: wanaambukiza UKIMWI? Hapana. VVU havizaliani ndani ya kunguni, na hakuna ushahidi kwamba kunguni humwambukiza binadamu VVU, homa ya ini au malaria. Hata hivyo si wadudu wa kupuuza. Nyumba ikijaa kunguni, mtoto mdogo au mzee anaweza kupungukiwa damu. Usingizi nao unakatika, na kucha zenye uchafu hugeuza kipele kuwa kidonda.

Matibabu yenyewe ni mepesi. Osha kwa maji na sabuni, kanda kwa kitambaa cha maji baridi, paka losheni ya kalamini au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Muwasho ukizidi, mtu mzima anaweza kumeza setrizini, dawa ya mzio, miligramu 10 mara moja kwa siku. Piritoni pia inafaa, ila inaleta usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda asiinywe asubuhi. Kata kucha za watoto. Kwa kawaida vipele hupona ndani ya wiki moja au mbili. Kipele kikitoa usaha, ngozi ikivimba na kuwa ya moto (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa), au homa ikipanda, njoo kituoni. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje kesho.

Tatizo ni yale tunayojifanyia wenyewe. Nimeona mtu aliyejipaka mafuta ya taa hadi ngozi ikatoka malengelenge. Wengine hununua krimu kali ya steroidi, ileile ya kujichubua, ili kufuta madoa meusi yanayobaki. Madoa hayo hufifia yenyewe kwa miezi. Krimu ile huifanya ngozi kuwa nyembamba. La kuua kabisa ni kuweka chumbani vidonge vya kuhifadhia mahindi. Gesi yake hupenya hadi chumba cha jirani na imekwisha kuua watu.

Dawa za kupuliza nazo zisikupe matumaini makubwa. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kunguni sugu, yaani wasiokufa kwa dawa, katika vijiji vya Tanzania vilivyotumia vyandarua vyenye dawa: mwanzoni kunguni walitoweka, baadaye wakarudi. Kwa maji yanayochemka hakuna kunguni sugu. Mwagia chaga na nyufa zake, chemsha shuka, ziba mianya ya ukuta, halafu rudia baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa.

Wiki iliyofuata mama alirudi na mumewe. Baba akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anywe vidonge. Nikamwambia hapana, yeye dawa yake ni kutoa chaga nje na kuchemsha maji.