Wasemaji wa Kinyarwanda wa Kivu hawakuingia wote mwaka 1994

Kuna dai linalorudiwa miaka nenda miaka rudi: kwamba kila anayezungumza Kinyarwanda huko Kivu, mashariki mwa Kongo, aliingia na wakimbizi wa mwaka 1994 waliotoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Si kweli, na dai hili limeumiza watu wengi.

Huko Rutshuru, wilaya ya Kivu Kaskazini, wasemaji wa Kinyarwanda walikuwapo kabla ya mpaka wenyewe wa Kongo na Rwanda. Mpaka huo uliafikiwa mwaka 1910 na Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, kila moja ikivutia upande wake, wakazi hawakuulizwa. Kuanzia 1937 Wabelgiji wakahamishia maelfu ya Wanyarwanda Masisi, wilaya jirani. Wakimbizi wa 1959 kutoka Rwanda wakafuata. Wale wa 1994 walikuta jamii zenye vizazi kadhaa pale.

Uhasama dhidi ya wasemaji hawa ulipaliliwa na sheria. Mwaka 1972 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliwapa wengi wao uraia, mwaka 1981 ikawapokonya. Na asiye raia hana uhakika wa ardhi wala kura. Baadaye Rwanda na Uganda ziliingiza majeshi Kongo zikitaja usalama wa mipaka yao. Lakini mwaka 2000 majeshi hayo yalipigana yenyewe kwa yenyewe Kisangani, mji wa biashara ya almasi, mbali kabisa na mipaka hiyo.