Kulamba sahani si dalili ya njaa

"Dokta, huyu hashibi." Maneno hayo nayasikia karibu kila Jumamosi, na mara nyingi mbwa mwenyewe kaingia akihema, kiuno hakionekani. Juzi alikuwa Labrador wa kilo 41, mwili wake wa kubeba 30. "Anamaliza sufuria, analamba mpaka chini, halafu ananikodolea macho."

Atakukodolea tu. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza hitilafu ya jeni ya POMC ambayo baadhi ya Labrador huzaliwa nayo; hamu yao ya kula haikatiki. Ukimlisha kwa kufuata macho yake, utamuua taratibu.

Fanya hesabu. Chukua uzito anaotakiwa kuwa nao, siyo alio nao. Kwa kilo 30: 30 × 30 × 30, kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili kwenye kikokotoo. Unapata 12.8. Zidisha kwa 70: kalori 900 hivi kwa siku. Mbwa mzima aliyehasiwa na mwenye uzito mzuri, zidisha tena kwa 1.6. Anayepunguzwa uzito abaki kwenye 900 hizo. Chakula kikavu chenye kalori 350 kwa gramu 100, hapo ni gramu 257 hivi kwa siku, asubuhi na jioni kwa pamoja. Nilipompimia kwenye bakuli, yule mzee mwenye Labrador alidhani namtania.

Na nunua mzani wa jikoni, nawasihi. Ukiniambia "kopo moja" nitakuuliza kopo lipi, na kalijaza nani.

Mengine ninayoambiwa: "Wa kilo 30 ale mara tatu ya wa kilo 10." Hapana, ni mara 2.3 hivi.

"Mbwa wa ulinzi alale njaa ndipo awe mkali." Mwenye njaa ndiye anayenyamazishwa na mwizi kwa kipande cha nyama.

"Kahasiwa, ndiyo maana kanenepa." Mahitaji yake yalipungua, sufuria haikupungua.

Baada ya wiki mbili papasa mbavu. Zikiwa kama mifupa ya nyuma ya kiganja ulichokinyoosha, usibadilishe kitu. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, ongeza. Ukizitafuta usizione, punguza sehemu moja ya kumi, na mwombe bibi aache kumdondoshea chapati chini ya meza.