Je, wajua kwa nini tovuti husema "tumekutumia barua pepe" na kikasha chako kiko kitupu?

Umesahau neno la siri. Unabonyeza, na tovuti inajibu papo hapo: "Tumekutumia barua pepe." Dakika kumi zinapita, hola. Tovuti imekudanganya?

Hapana, ila imesema kikarani. Sisi wa Dodoma, mji wa mafaili, tunaijua lugha hiyo. Afisa akikwambia barua yako "imeshatoka", mara nyingi maana yake imefika masjala. Humo inaandikwa daftarini na kusubiri wa kuipeleka.

Fremuweki za kujengea tovuti, kama Django, Laravel na Rails, nazo huwezesha masjala ya namna hiyo. Ukurasa unaiweka barua kwenye foleni na kukujibu upesi. Programu nyingine, nyuma ya pazia, ndiyo inayoichukua na kuikabidhi kwa seva ya barua kwa SMTP, itifaki (kanuni) ya kutumiana barua pepe ya tangu 1982.

Foleni hiyo niliwahi kuiona mapambo. Niliwatengenezea wakulima wa zabibu wa huku Mpunguzi mfumo mdogo, nikaacha ukurasa wenyewe utume tangazo la mkutano kwa wanachama wote, barua moja moja. Ukurasa ukaganda, ukakatika katikati. Katibu akabonyeza tena. Na tena. Waliokuwa juu ya orodha wakapata tangazo mara tatu, wa chini hawakupata kitu, na mzee mmoja akaniuliza kama mikutano ni mitatu.

Barua ikishatoka foleni, seva ya upande wa pili hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Inayoanza na 2 ni "nimepokea". Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, mfano 550, kikasha hicho hakuna. Kisirani kiko kwenye 4: "jaribu baadaye". Zipo seva zinazomjibu hivyo kila mgeni kwa makusudi, kwa kuwa matapeli wengi hawana subira ya kurudi. Ni yule mlinzi wa getini na "njoo kesho" yake. Mtumaji mwaminifu hurudi, pengine baada ya nusu saa, na anaweza kuendelea kurudi kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa.

Hata "nimepokea" haimaanishi kikasha kikuu. Barua inaweza kutupwa kwenye spamu. SMTP ya mwanzo haikuuliza kama aliyeandikwa kuwa mtumaji ndiye kweli. Siku hizi wenye jina la tovuti hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lao (SPF) na kuzigonga barua hizo muhuri wa kidijitali (DKIM). Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanavidai vyote viwili kwa wanaotuma kwa wingi.

Na ukiijibu barua ya mfumo? Hapa ndipo masjala hasa. Barua zetu haziji mlangoni, huenda S.L.P.; vivyo hivyo, kila jina la tovuti hutaja, kwa rekodi iitwayo MX, seva inayolipokelea barua. Seva hiyo ndiyo huipitisha barua kwenye programu. Rails waliliongeza dawati la kupokea, Action Mailbox, katika toleo la 6 mwaka 2019. Barua huhifadhiwa kwanza ilivyo, kama kugongwa "imepokelewa", kisha huangaliwa iende faili gani. Kumb. Na. iko wapi? Mara nyingi ndani ya anwani yenyewe: jibu linaenda kwa "jibu+a7k93", na herufi zile baada ya alama ya kujumlisha ndizo zinazolitaja faili.

Kizaazaa ni pale mfumo unaojijibia unapokutana na barua ya "niko likizo" inayojituma yenyewe. Huyu anajibu, yule anamjibu. Karani wa kweli angeshtuka kwenye barua ya tatu. Mashine zingefika ya elfu kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana barua ya mashine inatakiwa kubeba mstari wa Auto-Submitted, unaoiambia masjala ya pili: hii usiijibu.